Nitarudi Jumatatu

Nasma alitoka eda siku ya Jumatano, na Alhamisi asubuhi akaenda kufungua duka. Mama mkwe wake, Bi Kijakazi, alimwambia asubiri mtu wa kumsindikiza. Nasma alijibu kwamba kutoka nyumbani mpaka dukani ni kuvuka barabara tu, na akishindwa kuvuka barabara peke yake, duka atalishindwa vilevile.

Lilikuwa duka dogo la stesheneri pale Utende, kisiwani, kando ya barabara iendayo kwenye ofisi za hifadhi ya bahari. Mumewe, Taufiki, ndiye aliyelianzisha. Vijana waliotafuta kazi mahotelini walikuja kuchapiwa wasifu wao, walimu walileta mitihani, wazee walileta makubaliano ya kuuziana minazi. Kisha Taufiki akaugua ghafla, akavushwa bahari kupelekwa Dar es Salaam, akarudishwa maiti. Tangu hapo mlango ulikuwa haujafunguliwa. Ndani palinuka karatasi zilizoingia unyevu, na mchwa walikuwa wameanza kupanda ukutani.

Kompyuta ilikuwa palepale mezani, imefunikwa kanga. Ilitoka kwenye hoteli moja ya wageni iliyofungwa, kuukuu, haiwezi tena kubeba Windows. Rafiki yake Taufiki alimwekea Linux, mfumo wa bure usiodai leseni wala mashine yenye nguvu. Ilikuwa na vituko vyake. Barua iliyoandikwa kwingine ikifunguliwa pale, mistari ilihama. Printa ilitambuliwa siku ikipenda. Kila mfumo ukisasishwa, mtandao ulipotea. Lugha ya mashine Taufiki aliigeuza kuwa Kiswahili, lakini tafsiri ilikuwa nusunusu, maneno mengine yamebaki Kiingereza. Taufiki alizijua njia zote za kuibembeleza. Nasma alijua zile tu alizoziona akiwa amesimama nyuma ya kiti chake.

Aliiwasha, na wakati inaamka polepole akachukua kitambaa akapangusa vumbi, kwanza meza, kisha kibodi, akikandamiza ili kitambaa kiingie kati ya herufi. Skrini ikatoa rangi ya kijivu. Juu kabisa paliandikwa tarehe, na Nasma alipoisoma akasimamisha mkono. Ilikuwa tarehe ya siku ile Taufiki alipofunga duka mara ya mwisho.

Ndipo sauti ikatoka.

"Taufiki," ilisema. Ikanyamaza kidogo. "Taufiki. Kitufe."

Haikuwa sauti ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa nyembamba, kavu, imenyooka kama ya mtu anayesoma asichokielewa. Nasma aligeuka kutazama mlangoni. Barabara ilikuwa tupu, jua limeshapanda, mbuzi wawili wamelala kwenye kivuli cha ukuta wa ng'ambo.

"Neno la siri," sauti ikasema.

Mashine ile haikuwahi kusema hata neno moja Taufiki alipokuwa hai. Nasma alivuta kiti, akaketi. Neno la siri alilijua. Aliliandika, na kwa kila herufi aliyobonyeza sauti ilitaja kitu kimoja tu: nukta, nukta, nukta.

*

Hakumwambia mtu. Lakini Bi Kijakazi alikuja mwenyewe alasiri, akipapasa ukuta kwa fimbo, kwani macho yake yalikuwa yameingia ukungu na alichoona kilikuwa mwanga na kivuli tu. Aliketi kwenye benchi la wateja. Nasma alikuwa amezima mashine kwa sababu iligoma, na sasa ilikuwa ikiamka tena.

"Taufiki," ilisema.

Bi Kijakazi aliinua uso. Nasma alitazama vidole vyake vikongwe vikibana fimbo, kisha vikailegeza.

"Nani huyo?"

"Mashine, mama. Imeharibika."

"Imesema nini?"

Nasma alinyoosha mkono aizime. Mashine ikajibu yenyewe, kwa sababu alikuwa amegusa kipanya bila kukusudia. "Taufiki. Kitufe."

Bibi kizee hakulia wala hakuuliza tena. Alikaa mpaka adhana ya magharibi, na kesho yake baada ya chakula cha mchana akaja tena, amejifunga kanga safi kama anayekwenda kwa watu.

Siku nyingine mashine ilisema, siku nyingine ilikuwa bubu tangu asubuhi mpaka jioni. Nasma hakuona sababu. Alifanya mambo yaleyale: kufungua, kuwasha, kupangusa, kuketi. Siku za kimya alijikuta akifanya kazi na sikio limesimama, na hakujua lipi linamchosha zaidi, kuisikia au kuisubiri.

*

Mteja wa kwanza kuisikia alikuwa Mfaume, mchuuzi wa pweza, mtu mfupi mwenye hasira za karibu. Alikuja adhuhuri na kinyongo moyoni.

"Niandikie barua ya talaka," alisema. "Moja. Iwe ya kimaandishi, wakwe zangu wasije wakasema nilibwata tu."

"Umekwenda kwa shekhe?"

"Shemeji, nimekuja kuchapiwa, sikuja kusuluhishwa."

Watu wawili waliokuwa wakisubiri nje walisogea mlangoni, kwa kuwa jambo hilo halikuwa la kusikilizia mbali. Bi Kijakazi alikuwa kwenye benchi lake. Nasma akaanza kuandika, na ilikuwa siku ya kusema. Kila alipomaliza neno, sauti ililirudia. Mimi. Mfaume. Nikiwa. Na. Akili. Timamu. Mfaume alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka wenzake wacheke naye. Hakuna aliyecheka.

"Nimempa," ilisema sauti. "Mke. Wangu. Talaka."

Hapo mashine ikaganda. Nasma alibonyeza herufi na hazikutokea. Akabonyeza tena, akasogeza mshale mbele na nyuma. Skrini ilipauka kama uso wa mgonjwa, na kwa muda hapakusikika kitu ila feni ya ndani ikivuma. Kisha yote aliyoyabonyeza yakaja pamoja.

"Talaka," ilisema. "Talaka. Talaka."

Mfaume alisimama wima.

"Haijibu," ikaendelea sauti. "Subiri."

"Mimi sikusema tatu," Mfaume alisema. Aliwageukia waliokuwa mlangoni. "Mmenisikia? Nimesema moja. Sikusema tatu." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Aliiangalia mashine, akamwangalia Bi Kijakazi, kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anayezungumza na mtu aliyemkosea, "Taufiki, ndugu yangu, mimi nilikuwa na hasira tu."

Akatoka bila viatu vyake. Jioni ile alionekana kwa shekhe, na usiku akala nyumbani kwa mkewe. Watu wa Utende walilijua hilo kabla ya alfajiri, na walijua pia ni nani aliyemrudisha.

*

Lililofuata lilikuwa baya zaidi, maana lilishikika mkononi.

Printa ilikuwa haijatambuliwa tangu Nasma afungue. Waliotaka karatasi aliwahifadhia kazi zao kwenye fleshi, wakaenda kuzichapisha Kilindoni. Asubuhi moja mwalimu wa shule ya msingi alikuja na mtihani wa majaribio, na Nasma, ambaye hakutaka kumpoteza na huyo, akainama chini ya meza, akachomoa waya wa printa na kuuchomeka kwenye tundu jingine.

Printa ilitetemeka. Taa yake ikageuka kijani, ikameza karatasi na kuitoa.

"Alhamdulillahi," Nasma alisema. Mwalimu aliichukua karatasi akidhani ni ukurasa wa kwanza wa mtihani, akaisoma, akaiweka juu ya meza taratibu sana.

DUKA LIMEFUNGWA KWA DHARURA. NITARUDI JUMATATU, INSHALLAH. TAUFIKI.

Ikatoka ya pili, ileile. Ikatoka ya tatu. Nasma alibonyeza kitufe cha kusitisha na printa haikusita. Karatasi zilijaa trei, zikaanza kuanguka sakafuni, zikiteleza moja juu ya nyingine, zote zikimwahidi kila aliyekuwepo kwamba mwenye duka anarudi. Mwalimu alikusanya mtihani wake.

"Nitaupeleka Kilindoni," alisema, akiangalia pembeni. "Usinifikirie vibaya, dada. Lakini watoto wakisikia umechapwa hapa hawataufanya."

Upepo wa mlangoni ulichukua karatasi mbili tatu ukazipeleka barabarani. Kabla ya adhuhuri moja ilikuwa msikitini na nyingine sokoni.

Ilikuwa siku ya Jumatatu.

*

Wateja wa kuchapiwa waliisha. Walikuja wengine. Walikuja asubuhi wakasimama ng'ambo ya barabara, kisha wakasogea, kisha wakabisha hodi kwa adabu ya watu wanaoingia makaburini. Mmoja alitaka kujua nani alimwibia mashine ya kushonea. Mmoja alitaka kujua kama mimba itashika. Nasma aliwaambia wote maneno yaleyale, kwamba mashine ni mbovu, na wote waliitikia kwa kichwa kwa heshima, wala hakuna aliyeondoka. Akipita njiani kwenda kisimani wanawake waliacha mazungumzo. Kijana aliyemuuzia mkate alimwekea chenji juu ya jiwe badala ya mkononi.

Habari zikamfikia Mbaraka, kaka yake Taufiki, aliyekuwa na kibanda cha simu Kilindoni. Alifika kwa bodaboda, akazunguka duka lote, akasikiliza mashine mpaka akaridhika.

"Shemeji," alisema, "mirathi haijagawanywa. Duka hili ni la watoto wa Bi Kijakazi."

"Na mimi je?"

"Wewe una haki yako, hakuna anayekunyima. Lakini hukuzaa na ndugu yangu. Ukisema huwezi kuliendesha, kwenu Jibondo hawatakufungia mlango." Alimtazama mama yake kwenye benchi, akapunguza sauti. "Mimi ninaona watu wamejaa nje na wewe unawafukuza. Nipe wiki chache tu."

Alileta pazia jeusi, akaligawa duka mara mbili. Meza na mashine zikabaki nyuma ya pazia, na mbele pakawekwa sahani ya sadaka. Yeye akaketi humo nyuma, kibodi yenye waya mrefu mapajani. Nasma aliambiwa aketi mbele apokee wageni. Siku ambazo mashine haikusema, Mbaraka alitoa kichwa nje na kuwaambia, "Leo hayupo." Watu walirudi makwao bila manung'uniko, kama wanaomkosa daktari.

Lililomtisha Nasma wiki hizo si jini lililosemwa kuwamo kwenye mashine. Ni kwamba alianza kuona jinsi watu walivyopokea jibu. Sauti ikisema neno lolote, hata "kitufe", hata "dirisha jipya", walilibeba kifuani na kutoka nalo kimya, wakienda kulitafutia maana.

*

Bi Shamsa alitoka Baleni kwa miguu. Alikuwa mama wa makamo, mkono mmoja umekazana kwenye picha iliyotiwa nailoni. Mwanawe Shaabani alivuka kwenda bara kutafuta kibarua, akapiga simu mara mbili za mwanzo, kisha namba ikawa haipatikani. Bi Shamsa alishakwenda Nyamisati, alishakwenda Mbagala, alishakaa mlangoni pa vituo vya polisi.

"Sitaki mengi," alimwambia Nasma. "Niambiwe tu kama yuko hai. Kama hayuko, nimsomee khitma nimpumzishe."

Nasma alitaka kumjibu, lakini nyuma ya pazia sauti ilikuwa imeshaanza.

"Shaabani," ilisema.

Bi Shamsa alijishika mdomo.

Pazia lilikuwa na mwanya, na Nasma aliangalia. Aliona vidole vya Mbaraka juu ya kibodi, viwili tu, vikitafuta herufi moja moja. Aliviona vikigonga, akasikia neno likija baada ya kugonga.

"Yuko. Hai. Usimtafute. Atarudi."

Mwanamke yule aliteremka kutoka kwenye benchi mpaka chini, akaweka paji la uso sakafuni. Alipoinuka alimkumbatia Nasma kwa nguvu, machozi yake yakamlowesha shingo. "Mwanangu, umeniondolea mwiba," alisema. "Sasa nitalala. Sitatafuta tena. Nimeambiwa nisitafute."

Alimpa Nasma ile picha aishike wakati anajifunga kanga vizuri. Kijana alikuwa amevaa shati la mistari, amekaza uso kama wanavyokaza wapigwao picha. Nasma aliirudisha kwa mikono miwili. Mgeni alipoondoka aliingia nyuma ya pazia.

"Kwa nini umemwambia asimtafute?"

Mbaraka alikuwa akijipepea kwa daftari tupu. "Mtu akitafuta sana huchoka. Nimempumzisha."

"Unajua wewe kama yuko hai?"

"Na wewe unajua kama amekufa?" Alimtazama bila ubaya, kama mtu mzima anayemweleza mtoto bei ya kitu. "Shemeji, kila mtu aliyetoka hapa ametoka na nafuu. Taja mmoja aliyetoka analia kwa uchungu."

Nasma hakuweza kumtaja. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

*

Jumapili Mbaraka alikuwa Kilindoni. Nasma alimsubiri Mwalimu Elineema njiani, anapotoka kanisani. Alikuwa Mpare wa Same, kijana mrefu mpole, anafundisha kompyuta sekondari. Walisalimiana, na Nasma akamweleza yote, hata yale ya kuaibisha.

Elineema hakucheka. Walipofika dukani alivua koti lake la ibada, akaketi kwenye kiti cha Taufiki, akatazama mashine kwa muda kabla ya kuigusa. Siku ile ilikuwa bubu.

"Asubuhi unaanzaje?" aliuliza. "Nionyeshe kila kitu, usiruke hata la kipuuzi."

Nasma alizima, akawasha, akachukua kitambaa. Alipangusa meza, akapangusa kibodi, akikandamiza.

"Taufiki," ilisema mashine.

Wote wawili walishtuka. Elineema alipumua, akamshika mkono taratibu na kuuinua pamoja na kitambaa. Kiganja cha Nasma kilikuwa kimelala pembe ya chini ya kibodi, na vidole vimepanda juu kwenye herufi.

"Vitufe vitatu," alisema Elineema. "Hiki, hiki cha jirani yake, na herufi S. Ukivibana pamoja unawasha kisomaji. Ukivibana tena unakizima. Kimewekwa kwa ajili ya wasioona. Mashine inawasomea kilichoko kwenye skrini, na kwenye skrini yako cha kwanza kuandikwa ni jina la mwenye akaunti."

"Haikuuliza chochote. Haikusema imewashwa."

"Haiulizi. Hata mimi ilinipata chuoni, mchana kweupe, na nilikimbia kutoka bwenini mpaka getini." Alitabasamu kidogo. "Waliotengeneza mfumo huu wametawanyika duniani, wengi wanajitolea. Wametenda wema. Ila hawakumfikiria mtu anayepangusa vumbi."

Alimweleza na mengine. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo mashine ilipozimwa haikuhesabu siku. Iliamka ikidhani bado ni siku ile iliyolala. Mtandao ungekuwapo ingejirekebisha. Na lile tangazo, Taufiki alilituma kwenye printa akiwa mzima. Printa haikutambuliwa, mashine haikumwambia imeshindwa, ikaliweka kwenye foleni. Yeye akabonyeza tena na tena.

Nasma aliikumbuka asubuhi hiyo. Taufiki alikuwa amejishika ubavu kwa mkono mmoja na kwa mwingine akibonyeza, akibonyeza, akisema mbona haitoi. Yeye alikuwa akifunga begi la hospitali. Alimwambia aache, wataandika kwa kalamu. Hawakuandika.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Kila asubuhi ni mimi mwenyewe niliyekuwa nikimwita."

Elineema alimsogezea kibodi. Alimfundisha kukiwasha na kukizima kisomaji kwa makusudi, akamfanyisha mpaka vidole vikazoea. Alipokuwa anavaa koti lake alisema, "Ningewaeleza mwenyewe, dada Nasma. Lakini wataniambia mtu wa bara, tena Mkristo, anajua nini kuhusu majini ya pwani."

"Najua," alisema Nasma. "Nitasema mimi."

Mwalimu alipoondoka, alibaki ameketi peke yake kwenye mwanga wa mchana. Alibana vile vitufe vitatu. Sauti ikasema, "Taufiki." Sasa alijua inakotoka, na nywele za mikono zilimsimama vilevile. Alikizima.

*

Alituma mtu Baleni kumwita Bi Shamsa. Mama huyo alifika Jumanne na kikapu cha mihogo cha shukrani. Mbele ya duka palikuwa na watu kumi na zaidi, Mfaume akiwa mmoja wao, na Bi Kijakazi alikuwa benchini. Nyuma ya pazia Mbaraka alikuwa amejiandaa.

Nasma alilishika pazia akalivuta lote, mpaka kamba ikakatika.

Mbaraka alibaki ameketi kwenye mwanga, kibodi mapajani. Alionekana mdogo kuliko watu walivyomzoea.

"Bi Shamsa," Nasma alisema, "shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulichoambiwa hapa alikiandika shemeji yangu, kwa vidole vyake. Nilimwona, na nikakuacha uondoke. Mashine hii inasoma kinachoandikwa, basi. Haijui kama mwanao yuko hai, wala kama amekufa. Hakuna mtu humu anayejua."

Alichukua kibodi kutoka mapajani mwa Mbaraka, akaiweka mezani. Aliwaonyesha vitufe vitatu. Akaizima sauti, akaiwasha, akaizima tena. Akaandika "muhogo", mashine ikasema muhogo. Mtoto mmoja mlangoni alicheka, mama yake akamvuta. Wengine walianza kusogea nyuma, nyuso zimekunjamana, kama watu walioamshwa kwa kelele.

"Umetufedhehesha," Mbaraka alisema taratibu. "Umeifedhehesha nyumba iliyokulisha. Kesho utafunga vitu vyako. Boti ya Jibondo unaijua."

"Hafungi kitu," alisema Bi Kijakazi.

Hakuwa amesimama. Alikuwa ameegemea fimbo, macho yake ya ukungu yakielekea kwenye mwanga wa mlango.

"Mama, wewe mwenyewe unakuja hapa kila siku kuongea naye."

"Lini ulinisikia nikiongea? Mimi hukaa." Alimeza mate. "Taufiki nimemzaa mimi, Mbaraka. Akitaka kuniita alianza kwa kuvuta pumzi, tangu mtoto, alikuwa na kifua. Hiki hakivuti pumzi. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Basi ulikuwa unakuja kufanya nini?"

"Nyumba nzima mnasema marehemu. Wewe 'marehemu', jirani 'marehemu', mke wake 'marehemu'. Tangu tulipomzika sijasikia mtu akilitaja jina la mwanangu. Nikasikia hapa linatajwa. Nikawa nakuja." Alipapasa benchi, akagusa mkono wa Bi Shamsa aliyeketi kando yake. "Lakini sikujua kama mnamfanya aseme uongo. Duka ni la Nasma. Urithi wangu humu nampa yeye. Wewe una kibanda chako."

Mbaraka alichukua sahani ya sadaka, akaiangalia, akairudisha chini. Aliondoka bila kuaga, na kwa mwezi mzima hakuonekana Utende. Watu nao walitawanyika, wengine wakinong'ona kwamba Nasma amefundishwa na mwalimu wa bara kumfunga mumewe asiseme tena. Neno hilo halijaisha mpaka leo. Wapo wanaopita ng'ambo ya barabara wakilikwepa duka lile, hasa Jumatatu.

Bi Shamsa hakuondoka. Alikaa, kikapu cha mihogo kimelala miguuni pake, uso umeporomoka. Nasma alipiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, mama."

"Nilikuwa nalala," alisema Bi Shamsa. "Tangu siku ile nilikuwa nalala."

"Najua."

"Ungeniacha tu."

Nje jua lilikuwa limehamia ukutani, na Bi Kijakazi alikuwa bado ameushika mkono wa mgeni. Walikaa hivyo mpaka Bi Shamsa akafungua pindo la kanga, akatoa picha.

"Unaweza kuiweka hii kwenye karatasi? Na maneno chini, na namba ya simu. Nikabandike Mbagala."

"Naweza."

Nasma aliketi kwenye kiti, akafungua ukurasa mpya. Sauti ilikuwa imezimwa, na duka lilikuwa kimya kiasi cha kusikika kila kitufe. Aliandika jina kwa herufi kubwa. Akaandika umri. Akauliza alama za mwili.

"Ana kovu juu ya nyusi," alisema Bi Shamsa. "Na alikuwa mrefu. Alikuwa mrefu kuliko baba yake."

Nasma aliandika, kisha vidole vyake vikasita. Aligeuka.

"Mama, niache 'alikuwa'?"

Bi Shamsa aliitazama skrini asiyoweza kuisoma, neno jeusi kwenye weupe.

"Futa," alisema. "Andika ni mrefu."